Kinga ya damu kuganda isiishie getini

Kati ya sindano na kidonge, ipi inazuia vizuri zaidi damu isigande ndani ya mishipa? Swali hili huulizwa wodini, kwenye maduka ya dawa ya Pamba na Igoma hapa Mwanza, na hata na madaktari wenyewe kwa wenyewe, na mara nyingi hujibiwa kana kwamba dawa hizi zinashindana nguvu. Mimi naona mashindano hayo hayapo. Kwa mgonjwa aliyelazwa, siku za mwanzo ni za sindano. Kwa mgonjwa wa mifupa anayerudi nyumbani, zamu inayofuata ni ya kidonge kipya, yaani rivaroksabani au apiksabani, na pale ambapo kidonge hicho kimeshindikana kupatikana, aspirini. Warfarini, ambayo wengi wetu tumeizoea kwa miaka, haifai kwa kinga ya wiki chache, hasa kwa mtu ambaye kipimo chake cha damu kiko ng'ambo ya maji. Lakini kosa linalogharimu maisha zaidi halihusu uchaguzi wa dawa hata kidogo. Ni kukatisha kinga siku mgonjwa anaporuhusiwa, wakati hatari yake haijaruhusiwa pamoja naye.

Tuanze na jinsi bonge la damu linavyojengeka, maana hoja yote imesimama hapo. Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Kijerumani wa karne ya 19, ndiye anayehusishwa na maelezo tunayofundishia hadi leo: damu huganda mshipani pale inapotuama, pale ukuta wa mshipa unapojeruhiwa, na pale damu yenyewe inapokuwa nyepesi kuganda kuliko kawaida. Mchukue dereva wa bodaboda aliyevunjika paja kwenye barabara ya Kenyatta pale Mkuyuni, akapandishwa hospitali ya Bugando. Yote matatu anayo kwa wakati mmoja. Mfupa umechana mishipa. Mwili, ukijaribu kumzuia asivuje damu hadi kufa, umeamsha protini zote za kugandisha. Na mguu umefungiwa uzito unaouvuta, hautikisiki, pengine kwa siku nyingi akisubiri upasuaji. Damu ya mguuni hairudi juu kwa nguvu ya moyo peke yake. Inasukumwa na misuli ya kigimbi kila tunapopiga hatua, na vali ndogo ndani ya mishipa huizuia isirudi chini. Misuli ikilala, damu hutuama nyuma ya vali hizo, na hapo bonge huanza likiwa dogo kama punje ya mchele, likapanda goti, likafika pajani. Kipande kikikatika husafiri hadi kwenye mapafu, na mgonjwa aliyekuwa akizungumza na ndugu zake saa ya kuona wagonjwa anaweza kufa kabla daktari hajafika kitandani. Phillipo Chalya na wenzake wa Bugando waliandika mwaka 2010 kwamba majeraha ya pikipiki jijini Mwanza yamekuwa tatizo la afya ya jamii linalotaka hatua za haraka. Hatua tunazozitaja mara kwa mara ni kofia ngumu na leseni. Kinachotokea kwenye mishipa ya majeruhi baada ya kulazwa tunakitaja kwa nadra.

Sababu mojawapo ya ukimya huo ni imani ya zamani kwamba ugonjwa huu ni wa wazungu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli ambayo ndiyo iliyoirefushia maisha: badiliko la kurithi la protini ya tano ya kugandisha, linaloitwa kwa jina la mji wa Leiden, linaonekana sana Ulaya na ni adimu mno kwa Waafrika. Ila nchini Marekani, ambako vipimo vipo na vifo huchunguzwa, Wamarekani weusi wanapata mabonge ya damu kwa kiwango kisicho chini ya wazungu. Kinyume chake, wanawazidi. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna urithi wetu wenyewe. Uchunguzi wa watoto wachanga 17,200 kutoka mikoa tisa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliofanywa na watafiti wa Bugando na kuchapishwa mwaka 2020, ulikuta asilimia 1.2 wana selimundu na asilimia 20.3 wamebeba chembe zake kutoka kwa mzazi mmoja. Mwenye selimundu damu yake huganda kwa urahisi, hilo linajulikana. Lisilojulikana na wengi ni kwamba hata aliyebeba tu, ambaye haumwi na hajui kama amebeba, ana hatari ya bonge la mapafu iliyo juu kuliko ya asiyebeba. Mtu mmoja kati ya watano si kundi dogo la kupuuzwa. Tukisema hatuuoni ugonjwa huu wodini, tujiulize kwanza tunautafuta kwa kutumia nini: bonge la mapafu huonekana kwa CT yenye dawa ya mshipani, na pasipo na mashine hiyo kifo chake huandikwa kuwa cha moyo, cha nimonia, au cha ghafla.

Sasa sindano. Heparini iligunduliwa mwaka 1916 na Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyekuwa akitafuta kitu cha kugandisha damu na akakuta, kwenye maini ya mbwa, kitu kinachoizuia. Heparini haifanyi kazi peke yake. Inaishika protini yetu wenyewe iitwayo antithrombini na kuichochea ikamate vigandishi kwa kasi kubwa zaidi kuliko kawaida yake. Ndiyo maana inafanya kazi mara moja, na ndiyo maana ile ya kawaida inayoingizwa mshipani huondoka upesi, nusu yake ikiwa imekwisha ndani ya takribani saa moja hadi moja na nusu. Heparini ya kawaida kwa kinga huchomwa uniti 5,000 chini ya ngozi, mara mbili au tatu kwa siku. Enoksaparini, ambayo wengi huijua kwa jina la Clexane, ni heparini iliyokatwa vipande vifupi. Inadumu zaidi, inatabirika zaidi, na kwa kinga inatosha miligramu 40 mara moja kwa siku. Tofauti hiyo ya mara tatu na mara moja inaonekana ndogo kwenye karatasi. Isimamie wodini usiku, pale muuguzi mmoja anapohudumia safu nzima ya vitanda, na utaona dozi ya saa sita usiku ikirukwa kwa sababu kuna mgonjwa mwingine anavuja damu. Kuna na jambo la chupa: heparini nyingi huja katika chupa ya mililita tano yenye uniti 25,000, na muuguzi anatakiwa avute mililita moja tu. Akichoka akavuta yote, amempa mgonjwa dozi tano kwa mpigo. Enoksaparini huja kwenye bomba lililojazwa tayari, na kosa la namna hiyo linakuwa gumu kutokea. Kwa hiyo nikisema sindano, na figo za mgonjwa zikiwa nzima, nakusudia enoksaparini kwanza. Figo zikiwa zimechoka sana, chini ya mililita 30 kwa dakika, enoksaparini hujikusanya mwilini na dozi lazima ipunguzwe, au turudi kwenye heparini ya kawaida ambayo haitegemei figo kuondoka.

Hapa ndipo dhana ya kwanza inapaswa kurekebishwa. Watu wengi wa kwetu huamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge, kwa maumivu, kwa malaria, kwa lolote. Mgonjwa anayebadilishiwa kutoka sindano kwenda kidonge hudhani amepunguziwa matibabu kwa sababu hana fedha, au kwa sababu hospitali imemchoka, na akifika nyumbani anakiweka kidonge kabatini. Ubora wa sindano ya kuzuia damu kuganda hautokani na kuchomwa. Unatokana na mambo mawili: inaanza kazi hata kama tumbo la mgonjwa halifanyi kazi, na inaweza kusimamishwa. Mtu aliyetoka upasuaji anatapika, utumbo wake umelala, na huenda jioni hiyo hiyo akarudishwa chumba cha upasuaji. Upasuaji mwingi wa miguu hapa kwetu hufanywa kwa ganzi ya mgongo, na daktari wa ganzi anahitaji kujua kwa uhakika kwamba saa 12 zimepita tangu enoksaparini ya kinga ichomwe kabla hajaingiza sindano yake kati ya mifupa ya mgongo, kwa sababu damu ikivujia hapo inaweza kumpoozesha mtu miguu. Heparini ina kinza chake cha bei nafuu, protamini, kinachoizima kabisa. Enoksaparini hupunguzwa nacho kwa sehemu. Vidonge vipya vina kinza chao pia, ila kinza cha rivaroksabani na apiksabani ni ghali kiasi kwamba kukijengea mpango wa hospitali ya umma ni kujidanganya. Siku tatu, nne za mwanzo, ambapo lolote linaweza kugeuka, nataka dawa ninayoweza kuitawala.

Kidonge cha zamani kina historia ambayo mfugaji yeyote wa Usukumani angeielewa upesi. Miaka ya 1920, Kanada na Marekani ya kaskazini, ng'ombe walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani ya klova yaliyooza. Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitenga kilichosababisha, wakatengeneza ndugu zake, na mmoja wao, warfarini, ikaanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Warfarini haigusi kigandishi hata kimoja kilichomo kwenye damu leo. Inalizuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza vingine, kwa hiyo mtu anayeanza warfarini lazima asubiri vile vya zamani viishe vyenyewe, jambo linalochukua siku tano hivi. Mbaya zaidi, protini C, ambayo ni kinga yetu ya asili dhidi ya kuganda, huisha mapema kuliko vigandishi vikuu, na kwa siku chache za mwanzo mgonjwa anayekunywa warfarini bila heparini anaweza kuganda damu zaidi ya asiyekunywa kitu. Halafu kuna kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho lazima kikae kati ya 2 na 3 na ambacho husogezwa na kila kitu: kisamvu na matembele, ambavyo havikatazwi ila vinatakiwa viliwe kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, septrini, metronidazoli na flukonazoli zinazokipandisha, rifampisini ya kifua kikuu inayokishusha. Mtu wa Ukerewe anayehitaji kinga kwa siku 35 atatumia wiki mbili za mwanzo akitafuta dozi sahihi, akipanda meli ya Nansio kwenda na kurudi, na akiipata, muda wa kinga umebaki wiki tatu. Warfarini ni dawa nzuri ya miaka mingi. Kwa mwezi mmoja, gharama na hatari yake haziendani na faida.

Vidonge vipya vimeondoa kikwazo hicho. Rivaroksabani na apiksabani hukamata kigandishi kimoja tu, cha kumi kilichoamshwa, moja kwa moja bila kusubiri ini, na kazi yao hufika kileleni ndani ya saa mbili hadi nne. Dozi ni moja kwa watu wazima karibu wote: kwa kinga, rivaroksabani miligramu 10 mara moja kwa siku, kabla au baada ya chakula, apiksabani miligramu 2.5 mara mbili. Utafiti uitwao RECORD1, uliochapishwa mwaka 2008, uliwagawa wagonjwa zaidi ya 4,500 waliobadilishiwa nyonga, nusu wakapewa rivaroksabani na nusu enoksaparini, wote kwa takribani siku 35. Waliopata bonge au kufa walikuwa asilimia 1.1 kwa kidonge na 3.7 kwa sindano. Kuvuja damu kwingi kulikuwa asilimia 0.3 dhidi ya 0.1. Ushindi huo usitulevye: mabonge mengi katika utafiti ule yalionekana kwa picha ya mishipa tu, wagonjwa wenyewe hawakusikia lolote, na nyonga iliyobadilishwa kwa ratiba Ulaya siyo paja lililosagwa na lori Buhongwa. Karibu zaidi na wagonjwa wetu ni utafiti wa PRONOMOS wa mwaka 2020, wa watu 3,604 waliofanyiwa upasuaji wa mguu usio mkubwa sana na kulazimika kutotembea vizuri kwa angalau wiki mbili. Mabonge ya maana yalikuwa asilimia 0.2 kwa rivaroksabani na 1.1 kwa enoksaparini, na kuvuja damu hakukutofautiana kwa kiasi cha kuzungumzia. Mtu anayesoma takwimu hizo bado anaweza kuuliza kama kidonge ndicho kilichoshinda au ni urahisi wa kukimeza uliowafanya watu wakimalize. Kwa madhumuni yangu jibu lolote kati ya hayo mawili linanitosha, kwa kuwa dawa isiyomalizwa haimkingi mtu.

Na kumaliza ndiko penye uzito wote. Utafiti wa California wa mwaka 1998 uliofuatilia maelfu ya waliobadilishiwa viungo ulikuta kwamba, kwa walioguswa nyonga, nusu ya mabonge yaligundulika baada ya siku ya 17, na asilimia 76 yaligundulika mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali. Fikiria maana yake kwa mgonjwa wa Bugando anayeruhusiwa siku ya sita, akiwa amechomwa sindano tano na kupewa karatasi ya kurudi kutolewa nyuzi. Kinga yake imekatika kabla ya kilele cha hatari. Kumwambia aendelee na sindano nyumbani kunawezekana: ndugu anaweza kufundishwa kubana ngozi ya tumbo, pembeni ya kitovu kwa upana wa vidole vitatu, kuchoma wima bila kutoa kile kipovu cha hewa kilichomo, na kutosugua baadaye, bomba lililotumika likatupwa kwenye chupa ngumu ya plastiki, si jalalani wanakochezea watoto. Familia nyingi zitaweza. Nyingi zaidi zitaacha siku ya nne, mgonjwa akisema hana maumivu tena. Kidonge kina nafasi kubwa ya kumezwa hadi siku ya mwisho, na hiyo ndiyo sababu ya kukipa zamu ya nyumbani.

Hoja yangu ya kuendeleza kinga baada ya geti inawahusu wa mifupa, na pia waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo au nyonga, ambao wiki nne za sindano zimeonekana kuwasaidia. Haiwahusu waliolazwa kwa nimonia au moyo kushindwa kufanya kazi. Kwa hao, utafiti wa MEDENOX wa mwaka 1999 ulionyesha enoksaparini ya wodini ikipunguza mabonge kutoka asilimia 14.9 hadi 5.5, faida kubwa ambayo bado hatuwapi wengi wao. Lakini walipojaribiwa kuendelezewa kidonge kwa mwezi mzima, katika utafiti wa ADOPT wa apiksabani mwaka 2011 na wa MAGELLAN wa rivaroksabani mwaka 2013, kuvuja damu kuliongezeka kiasi cha kula faida yote. Kwa mgonjwa wa ndani, sindano ianze siku anapolazwa na iishe anapoanza kutembea. Anayesema kidonge ni cha kisasa hivyo kimfae kila mtu hajazisoma tafiti hizo.

Wapo na ambao kidonge kipya hawapaswi kukiona. Mjamzito ni wa kwanza. Hatari yake ya damu kuganda ni mara nne hadi tano ya mwanamke asiye na mimba na hupanda zaidi katika wiki za baada ya kujifungua. Heparini na enoksaparini hazivuki kondo la nyuma, warfarini huvuka na inaweza kuharibu maumbile ya mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na vidonge vipya havitumiki katika mimba wala kunyonyesha. Mama aliyepasuliwa hospitali ya Sekou Toure, mnene, aliyevuja damu nyingi, na ambaye amelala siku tatu bila kutembea, dawa yake ni sindano, naye anaweza kumnyonyesha mtoto wake bila wasiwasi. Wa pili ni mwenye vali ya moyo ya chuma au vali iliyokazwa na homa ya baridi yabisi. Huyu anatumia dawa hizi kwa maisha yake yote, si kwa kinga ya mwezi, ila namtaja kwa sababu Kanda ya Ziwa inao wengi, wengine wakiwa wametibiwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, na husikia kuna kidonge kisichohitaji INR wakaomba wabadilishiwe. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kufanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulikuta waliobaki na dawa za aina ya warfarini walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliopewa rivaroksabani. Wasibadilishiwe. Wa tatu ni anayetibiwa kifua kikuu: rifampisini huliamsha ini likaimaliza rivaroksabani na apiksabani kabla hazijafanya kazi, na mgonjwa anameza kinga ambayo haipo. Sindano haiguswi na rifampisini. Anayetumia ARV zenye dolutegravir hana tatizo na vidonge hivi; zenye ritonavir ndizo zinazopandisha kiwango chake hadi hatari.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Kichocho cha tumbo kimejaa kwenye mwambao wa Viktoria na visiwa vyake, na mayai yake, yakirundikana ini kwa miaka, hupandisha shinikizo la damu inayoingia ini hadi mishipa ya umio ikavimba. Wachunguzi wa Bugando waliopitisha kamera tumboni kwa wanaotapika damu wamekuta mishipa hiyo kuwa chanzo kikuu. Mvuvi wa Ukara aliyevunjika mguu anaweza kuwa na mishipa ya namna hiyo bila kujua, na dawa yoyote kati ya hizi, iwe ya kuchoma au kumeza, inaweza kuifanya ivuje bila kusimama. Miongozo tunayoisoma imeandikwa kwa watu ambao hawakukulia kwenye maji haya, na haimwambii daktari aanze kwa kupapasa chini ya mbavu za kushoto. Nashauri iwe desturi yetu: kabla ya dozi ya kwanza, mgonjwa aulizwe kama amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi, wengu upapaswe, na chembe sahani zihesabiwe. Wengu ukiwa mkubwa na chembe sahani chache, aanze kwa soksi za kubana na mazoezi ya vifundo, na apelekwe kwenye kamera kwanza. Hesabu hiyo ya chembe sahani ina kazi ya pili, kwani heparini yenyewe, kati ya siku ya tano na ya kumi, huweza kwa wachache kuzishusha na kuleta kuganda badala ya kuzuia.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la fedha. Enoksaparini na vidonge vipya vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ya kwanza tangu 2015 na vingine tangu 2019, na kampuni za India zinavitengeneza kwa bei inayoshuka. Bado kwa familia ya Sengerema iliyouza mbuzi kulipia upasuaji, mwezi wa rivaroksabani ni mzigo. Kwa hao, utafiti wa PREVENT CLOT wa mwaka 2023 ni habari njema. Wagonjwa 12,211 waliovunjika viungo waligawanywa kati ya enoksaparini na aspirini ndogo, miligramu 81 mara mbili kwa siku. Vifo vilikuwa asilimia 0.73 na 0.78, na mabonge ya mapafu asilimia 1.49 kwa pande zote mbili. Mabonge ya miguuni yalizidi kidogo kwa aspirini, 2.51 dhidi ya 1.71. Sitasema zinalingana, kwani utafiti wa CRISTAL wa Australia mwaka 2022, kwa waliobadilishiwa nyonga na magoti, ulikuta aspirini ikishindwa. Ninachosema ni kwamba kwa aliyevunjika, ambaye mbadala wake halisi ni kurudi nyumbani mikono mitupu, aspirini ndogo inayopatikana katika kila zahanati ni kinga ya kweli na aandikiwe bila aibu. Aandikiwe na daktari, nasisitiza. Asisikie jirani anaitumia akaianza mwenyewe.

Pingamizi la dini halitajwi sana ila lipo. Heparini na enoksaparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe, na Mwanza ina Waislamu wengi na Wasabato wengi. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla ya kuchomwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu dawa ya namna hiyo panapokosekana mbadala, na anayetaka mbadala anaweza kupata fondaparinuksi, sindano iliyotengenezwa maabara tupu, au kuhamia kwenye kidonge mapema kidogo. Kumficha ili asikatae ni kumdharau, na akija kujua baadaye hataiamini hata dawa ya pili.

Imebaki dhana kwamba dawa hizi huliyeyusha bonge lililopo, kiasi kwamba mtu mwenye mguu uliovimba anaona ameshapona baada ya vidonge vitatu. Haziyeyushi. Zinalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unalisaga taratibu, kwa wiki na miezi. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukauma kigimbi na kuwa wa moto, au pumzi ikabana ghafla, hiyo si kinga tena, ni matibabu yenye dozi kubwa, na mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea watu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Wa visiwani bado wanategemea ratiba ya meli, na kwao dalili hizi ziandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi wanayoondoka nayo.

Yanayotakiwa kufanyika hayahitaji mashine mpya. Kila mgonjwa anayelazwa wodi ya mifupa, upasuaji au uzazi ajaziwe fomu ya ukurasa mmoja ya hatari ya kuganda na hatari ya kuvuja, ikaguliwe kwenye raundi ya kila asubuhi. Bohari ya Dawa, kanda ya Mwanza, ihesabu mahitaji ya enoksaparini ya miligramu 40 kwa vitanda vya mifupa na siyo kwa chumba cha wagonjwa mahututi peke yake. Skimu zitakazotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 zilipie siku zote za kinga kama sehemu ya upasuaji, vidonge vyote vikikabidhiwa siku ya kuruhusiwa, si kwa cheti cha kununua baadaye. Hospitali ya Nansio na ya Sengerema zipewe kipimo kidogo cha INR cha tone la kidole kwa ajili ya wagonjwa wa vali, ili meli isiwe sehemu ya matibabu. Na mgonjwa wa mifupa aondoke na kadi iliyoandikwa jina la dawa, dozi, tarehe ya kuacha, na dawa asizopaswa kuuziwa, ili akifika duka la dawa muhimu la Bwisya, kisiwani Ukara, akilalamika goti, muuzaji aisome, arudishe diklofenaki na ibuprofeni rafuni, na ampe parasetamoli.